Kukusanya Sarafu za Zamani

Neno "hela", ambalo watu hulitamka kila siku bila kufikiri, limetokana na sarafu ndogo ya Wadachi iitwayo heller, iliyoanza kupigwa kwa ajili ya Afrika Mashariki ya Kijerumani mwaka 1904. Sarafu hizo hazinunui kitu tena, walakini zingalimo masandukuni na katika makopo ya vifungo, pamoja na rupia za fedha za Mombasa za mwaka 1888, pesa za shaba za Sultani Barghash wa Unguja zenye picha ya mizani, na senti zenye tundu. Apendaye kuzikusanya hahitaji mali nyingi. Yamtosha subira, na daftari la kuandikia kila sarafu ilipatikana wapi na kwa nani. Illa zile zinazofukuliwa katika magofu ya kale si za kutiwa mfukoni. Katika Kenya, sheria ya mwaka 2006 yataka Makumbusho ya Taifa yaarifiwe.

Hasara nyingi hutokea katika kusafisha. Mtu hurithi rupia nyeusi ya nyanya yake, akaisugua kwa majivu na ndimu hata iking'aa kama kioo, kisha akashangaa mnunuzi anapomtolea bei ya fedha ya kuyeyushwa tu. Weusi ule haukuwa uchafu. Ni utando unaofanyika polepole juu ya fedha kwa sababu ya hewa, na wajuzi huupenda, kwa kuwa ni dalili kwamba sarafu haijaguswa. Mikwaruzo ya majivu huonekana mara moja, wala hapana fundi awezaye kuiondoa.

Kwa hiyo kinachoondolewa ni udongo na mafuta tu. Sarafu hulowekwa katika maji ya vuguvugu yenye sabuni kidogo, ikasuuzwa kwa maji safi (ya mvua ni bora kuliko ya kisima cha chumvi), kisha ikakaushwa kwa kugandamizwa na kitambaa laini cha pamba, bila kusuguliwa. Sarafu za shaba za pwani zina adui wa pekee, nayo ni chumvi. Unga wa kijani ukirudi kila ukipanguswa, sarafu hiyo itengwe na nyingine na kuwekwa mahali pakavu, maana chumvi iliyo ndani yake huendelea kuila shaba kila hewa ikiwa na unyevu. Mifuko laini ya plastiki haifai. Bahasha ndogo za karatasi ni salama zaidi.

Katika kupima hali, sarafu hushikwa ukingoni na kuinamishwa penye mwanga. Uchakavu huanza kwenye sehemu zilizoinuka. Katika shilingi ya Afrika Mashariki hutazamwa manyoya ya simba, na upande wa pili vito vya taji la Mfalme. Yote yakionekana wazi, hali ni nzuri sana; simba akibaki kivuli, hali ni duni. Wamarekani hutumia hesabu ya 1 hadi 70, iliyobuniwa na William Sheldon mwaka 1949.

Umri peke yake si thamani. Riale ya Maria Theresa ina tarehe ya 1780, lakini iliendelea kupigwa kwa tarehe hiyo hiyo muda mrefu baada ya malkia huyo kufa. Senti 10 za mwaka 1936 zenye jina la Edward VIII, aliyetawala chini ya mwaka mmoja, zilitengenezwa kwa wingi, na bei yake ni ndogo. Shilingi za 1921 mpaka 1946 zina robo ya fedha. Za 1948 hazina hata chembe. Iliyo adimu kweli ni dhahabu ya rupia 15 yenye picha ya ndovu, iliyopigwa Tabora mwaka 1916 wakati wa vita. Bandia zake ni nyingi. Ile ya kweli ina uzito wa gramu 7 na kidogo, basi mwenye kuuziwa aipime kwenye mizani ya sonara kabla ya kutoa fedha yake.