Kabla Hujaweka Dole Gumba

Vijana wawili walibisha hodi kwa shangazi yangu akiwa anachambua mchele. Walivaa fulana za kufanana, mmoja kashika kishikwambi, mwingine kisanduku cha barafu, na nyuma yao alisimama mjumbe wa mtaa. Walisema ni utafiti wa afya. Wakasoma karatasi ya kurasa tatu mbiombio kama watu wanaowahi basi, kisha wakamsogezea kidau cha wino. Shangazi akaweka dole gumba, akatolewa damu, akapewa mche wa sabuni. Jioni nilimuuliza damu ile inapimwa nini. "Sijui, mwanangu. Si walikuja na mjumbe?"

Jibu lile lingeweza kutolewa na wengi wetu, na ndiyo sababu ya kuandika leo. Kwa taratibu za utafiti nchini Tanzania, dole gumba peke yake halitoshi kuwa ridhaa. Ridhaa ni kuelezwa, kuelewa, na kukubali kwa hiari yako. Wahenga walisema hiari yashinda utumwa.

Kwa nini masharti haya yapo

Mwaka 1932, huko Tuskegee, Alabama, Idara ya Afya ya Umma ya Marekani ilianza kuwafuatilia wanaume weusi wapatao 600, wengi wao wakulima maskini. Kati yao, 399 walikuwa na kaswende. Waliambiwa wanatibiwa "damu mbaya", wakapewa chakula na ahadi ya gharama za mazishi. Penisilini ilipopatikana na kuwa tiba ya kawaida, wao walinyimwa, ili watafiti waone ugonjwa unavyokwenda hadi mwisho. Utafiti ulisimamishwa mwaka 1972, baada ya magazeti kuufichua. Watu wale nao waliaminishwa na watu waliowaheshimu.

Haki zako mtafiti anapobisha hodi

*Kuona kibali.* Utafiti wa afya kwa binadamu lazima upate kibali cha maadili kabla haujaanza. Tanzania Bara, kibali cha taifa hutolewa kupitia Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu (NIMR). Zanzibar ina kamati yake. Mtafiti kutoka nje ya nchi anahitaji pia kibali cha Tume ya Taifa ya Sayansi na Teknolojia (COSTECH), na majaribio ya dawa au chanjo lazima yaidhinishwe na Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba (TMDA). Barua ya mtendaji au kufuatana na mjumbe ni utambulisho tu. Hakuna kiongozi wa mtaa anayeweza kuridhia kwa niaba yako.

*Kuelezwa kwa lugha unayoielewa.* Uliza: mnatafuta nini? Mtanifanyia nini? Kuna madhara gani? Nikidhurika, nani atanitibu? Kama hujui kusoma, awepo shahidi unayemwamini, asiye mmoja wa timu yao, asikie yote kabla hujaweka alama.

*Kukataa au kujitoa.* Unaweza kusema hapana, au kuacha katikati, bila kutoa sababu. Ukikataa utafiti hospitalini, huduma yako ya kawaida haipaswi kupunguzwa hata kidogo. Nauli na fidia ya muda ni halali, lakini zisiwe chambo cha kukufanya ufumbie macho hatari.

*Kujua sampuli inakokwenda.* Damu, mate au mkojo wako ukihifadhiwa kwa tafiti za baadaye au kupelekwa nje ya nchi, fomu iseme hivyo waziwazi. Usafirishaji huo nao una kibali chake.

*Kutunziwa siri.* Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inazihesabu taarifa za afya kuwa nyeti. Jina au picha yako isitumike kwenye jarida au tangazo bila wewe kukubali.

*Watoto.* Kwa aliye chini ya miaka 18, ridhaa hutolewa na mzazi au mlezi, lakini mtoto anayeelewa naye aulizwe, na akikataa asikilizwe.

Ukidhulumiwa

Anza na mtafiti mkuu, kisha kamati ya maadili iliyotoa kibali. Namba za simu za wote wawili zinatakiwa ziwe kwenye fomu ya ridhaa. Kama taarifa zako zimevujishwa, peleka malalamiko Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi.

Utafiti wa kweli unaokoa maisha. Chanjo na dawa tunazotegemea zimepita kwenye miili ya watu waliojitolea, na watu hao wanastahili heshima. Mtafiti mwadilifu hachukii maswali, huvuta kigoda akakaa.

Nilitaka kupiga simu kwa niaba ya shangazi. Sikuwa na pa kuanzia, maana karatasi ile waliondoka nayo na hawakumwachia nakala. Basi ukisahau mengine yote, usisahau hili: nakala ya fomu ni haki yako. Idai kabla hujagusa wino.