Safari ya Kwanza Ziwani

Mto Mara huanza katika milima ya Mau, nchi ya Kenya. Hupita katika mbuga za Serengeti, ambako nyumbu huuvuka kwa maelfu kila mwaka, kisha huingia kati ya wilaya mbili: kaskazini yake ni Tarime, kusini yake ni wilaya ya Serengeti. Hapo maji huanza kwenda polepole. Hutawanyika katika kinamasi kikubwa cha mafunjo, hupita chini ya daraja la Kirumi, na mwisho humwagika katika Ghuba ya Mara, karibu na mji wa Musoma. Basi mtoto achotaye maji mtoni Mara achota maji yaendayo ziwani, ingawa huenda ziwa lenyewe hajaliona kamwe.

Watu wa vilimani wana elimu yao. Wajua ng'ombe, wajua ulezi, wajua wingu la mvua ya mawe. Lakini elimu ya chombo ni nyingine, na mtu hazaliwi nayo. Wahenga walisema, "Maji usiyoyafika hujui wingi wake." Ziwa Viktoria lina eneo la kilomita za mraba 68,000 na zaidi, na mahali penye kina kirefu hufika mita 80 hivi. Mtu akisimama pwani ya Musoma na kutazama magharibi, haoni nchi ng'ambo. Kwa hiyo atakaye kusafiri ziwa hili kwa mashua ndogo ya mashine, siku kadhaa, na ajue kwanza kwamba safari huanza nchi kavu, katika mashauri na hesabu.

*Safari ya mwaka 1875*

Habari za kale zafundisha jambo hili. Mwaka 1858 Mwingereza John Hanning Speke alifika kusini ya ziwa, akasema kwamba maji yale ni ziwa moja kubwa, nalo ndilo chanzo cha mto Nile. Wengine hawakusadiki, walidhani ni maziwa madogo kadhaa. Ndipo Henry Morton Stanley alipoondoka Bagamoyo mwezi wa Novemba 1874, na wapagazi wakichukua mashua iliyokatwa vipande vipande, jina lake Lady Alice. Walipofika ziwani wakaviunganisha vipande, na tarehe 8 Machi 1875 mashua ikashuka majini, ina mabaharia kumi na mmoja. Nahodha wao alikuwa mtu wa Unguja aitwaye Safeni. Hawakukata katikati ya ziwa. Waliambaa pwani, kuelekea mashariki na kisha kaskazini, wakapita pwani ya nchi hii ya Mara, wakafika Buganda kwa Kabaka Mutesa. Hata mwezi wa Mei walipokuwa wamerudi kambini, shaka ilikwisha: ziwa ni moja.

Mabaharia wale walifanya mambo mawili ya busara. Hawakuiacha pwani mbali, na walichukua mtu wa ziwani, mvuvi aliyejua pande zile, awaonyeshe njia. Lakini jambo moja liliwashinda. Mwisho wa Aprili, katika kisiwa cha Bumbire, upande wa magharibi, walitua wakiwa na njaa, pasipo kujulikana na wenyeji. Ugomvi ukatokea, wenyeji wakawanyang'anya makasia. Stanley akapiga bunduki, watu wakafa, na mashua ikasukumwa majini haina kasia hata moja. Ikawapasa mabaharia kung'oa mbao za sakafu ya mashua na kuzitumia kama makafi, huku upepo mkali ukiwachukua usiku kucha. Mwezi wa Agosti Stanley alirudi Bumbire na jeshi kulipiza kisasi, akawaua watu wengi. Hivyo kutua mahali pamoja bila mapatano kulileta msiba mkubwa, nao waliolipa zaidi ni wenye nchi.

*Kuchagua njia*

Safari ya kwanza haifai kuwa ndefu. Mfano mzuri ni njia ya kutoka Kirumi mpaka Shirati. Siku ya kwanza wasafiri hushuka kutoka Kirumi, huifuata Ghuba ya Mara mpaka Musoma, na kulala huko. Siku ya pili huvuka mdomo wa ghuba mpaka Kinesi, kisha huambaa pwani kwenda kaskazini, na kulala katika kijiji cha wavuvi walichokwisha kukiulizia. Siku ya tatu hufika Shirati. Siku tatu za kwenda, siku tatu za kurudi, jumla sita. Lakini mwenye akili huongeza siku ya saba, isiyo na kazi yo yote ila kungoja upepo utulie. Watu wengi waliokufa majini hawakukosa ujuzi. Walikosa siku ya kungoja. Walikuwa wameahidi kufika jioni ile, wakaona haya kuchelewa.

Njia hii ina faida tatu. Nchi kavu huonekana karibu muda wote. Musoma pana petroli na mafundi, na Shirati pana hospitali. Tena kati ya miji hiyo iko mialo ya wavuvi, ambapo chombo chaweza kukimbilia upepo ukizidi. Yafaa kila mwalo uandikwe katika karatasi kabla ya kuondoka, pamoja na saa ya kufika hapo. Karatasi ya pili, yenye maneno yale yale, hubaki nyumbani kwa mtu mwaminifu, naye huambiwa hivi: "Tusipopiga simu siku fulani kabla ya magharibi, wape habari polisi." Mtu asiyejulikana alikokwenda hatafutwi upesi. Na kaskazini ya Shirati msafiri ajihadhari, kwa maana mpaka wa Kenya upo karibu, na juu ya maji mpaka hauonekani kwa macho.

*Upepo wa ziwa*

Nchi kavu hupata joto upesi kuliko maji, nayo hupoa upesi kuliko maji. Kwa sababu hiyo, mchana hewa ya nchi kavu hupanda juu, na upepo hutoka ziwani kuja pwani. Usiku mambo hugeuka: upepo hutoka nchi kavu kwenda ziwani. Katika pwani ya Mara, iliyo mashariki ya ziwa, maana yake ni hii: asubuhi maji mara nyingi ni tulivu, na alasiri mawimbi hutoka magharibi na kupiga pwani kwa nguvu. Basi wasafiri huondoka kunapopambazuka na kutua kabla ya adhuhuri au punde baadaye.

Usiku si wakati wa mashua ndogo. Juu ya ziwa hili ngurumo na mvua kubwa hutokea sana usiku na alfajiri. Wavuvi wanaokesha majini wajua hatari hiyo, na wengi wao wamepotea kwa ajili yake. Siku hizi Mamlaka ya Hali ya Hewa hutoa habari za upepo na mawimbi ya ziwa, nazo yafaa zisikilizwe kila jioni. Hata hivyo nahodha huuliza pia wazee wa mwalo. Habari ya redio husema juu ya ziwa zima. Mzee wa mwalo hujua rasi yake mwenyewe.

*Hesabu ya petroli na mzigo*

Tuseme, kwa mfano tu, kwamba hatua ya siku moja ni kilomita 30, na mashua huenda kilomita 10 kwa saa. Hatua hiyo ni saa tatu. Kama mashine hula lita 5 kwa saa, hatua moja yahitaji lita 15, na hatua tatu lita 45. Kurudi ni lita 45 nyingine. Sasa mabaharia wana kanuni ya mafungu matatu: fungu moja la kwenda, fungu moja la kurudi, na fungu moja la akiba, ambalo haliguswi ila kwa shida. Kwa hiyo jumla ni lita 135. Lita moja ya petroli ina uzito wa robo tatu ya kilo hivi; basi petroli hiyo yapita kilo 100, yaani zaidi ya mtu mmoja mzima.

Hapo ndipo wengi hukosea. Huambiwa, "Mashua hii huchukua watu sita," wakapanda watu sita, kisha wakaweka petroli, maji, chakula, nanga na mahema. Mashua haijui tofauti ya mtu na dumu. Mashua ya watu sita, kwa safari ya siku nyingi, hufaa watu wanne. Au petroli hununuliwa kidogo kidogo, nyingine Kirumi na nyingine Musoma, ili mzigo upungue.

Anayedhani kwamba neno hili ni dogo na akumbuke misiba miwili. Tarehe 21 Mei 1996 meli MV Bukoba ilipinduka karibu na Mwanza, wakafa watu wapatao 800 au zaidi. Tarehe 20 Septemba 2018 kivuko MV Nyerere, kilichofanywa kuchukua watu 101, kilipinduka kikiwa karibu kabisa kufika kisiwa cha Ukara. Wakafa watu zaidi ya 220. Vyombo vyote viwili vilikuwa vimejaza kupita kiasi. Vilikuwa vya chuma, tena vikubwa. Je, mashua ya mbao itavumilia nini?

*Vitu vya kuchukua*

Kwanza ni jaketi la kuokolea la kila mtu, limevaliwa, halikukaliwa kama mto. Pili, makasia mawili na la tatu la akiba, yamefungwa kwa kamba. Habari ya Bumbire yaonyesha sababu. Tatu, nanga yenye kamba ndefu, na kopo la kutolea maji. Nne, plagi ya akiba, pini ya rafadha, na vyombo vya kufungulia. Tano, tochi, firimbi, dira, na simu iliyofungwa katika mfuko usioingia maji. Sita, maji ya kunywa. Maji ya ziwa hayana chumvi, lakini yaweza kuwa na vijidudu vya kipindupindu. Basi kila jioni maji huchemshwa ya kutosha kesho yake.

Chombo chenyewe kiwe kimeandikishwa na kukaguliwa. Kazi hiyo ni ya Shirika la Uwakala wa Meli Tanzania. Tena kabla ya safari kubwa, wasafiri hufanya safari ndogo ya nusu siku, na mzigo wote ndani, waone mashua inavyokaa majini.

*Desturi za majini*

Karibu na Kirumi wako viboko na mamba. Kwa hiyo mashua haiondoki pale kabla jua halijatoka, na haipiti kando ya mafunjo, ambako kiboko hupumzika na ndama wake. Tena yako magugu-maji, yaliyoingia ziwa hili karibu na mwaka 1990. Huelea kama shamba la kijani na kujisokota katika rafadha. Yakishika, mashine huzimwa kwanza, ndipo mkono huingizwa majini.

Upepo ukija ghafula, nahodha huelekeza omo kwenye mawimbi, hupunguza mwendo, na watu wote hukaa chini sakafuni. Hakuna anayesimama, wala hakuna anayehamia upande mmoja. Mashine ikizimika, nanga hutupwa kwanza, kisha hutafutwa kilichoharibika. Na mashua ikipinduka, watu huishika wala hawaiachi. Mtu mmoja majini haonekani kwa mbali, lakini mashua iliyopinduka huonekana. Wengi wamezama kwa kudhani kwamba nchi kavu iko karibu.

Na mwisho, kila watuapo, wasafiri huwatafuta wazee wa mwalo na kuwasalimu kabla ya kushusha mzigo. Husema watokako na waendako, huomba mahali pa kulala, na kuuliza habari za kesho. Salamu hiyo hainunuliwi, nayo yafaa kuliko bunduki ya Stanley. Katika pwani hii wamo Wakwaya, Wajaluo, na makabila mengine, kila moja na lugha yake; lakini Kiswahili na heshima husikiwa kila mwalo.

Siku ikifika, yawezekana wasafiri wakaamka Kirumi na kuona mawingu meusi juu ya ghuba. Petroli imejaa, mizigo imefungwa, ndugu wamekuja kuaga. Hapo ndipo hujulikana nahodha ni nani. Aliye nahodha kweli husema, "Leo hatuendi," na wenzake hufungua mizigo pasipo kunung'unika.

*Maswali*

1. Eleza kwa nini upepo hutoka ziwani mchana na kutoka nchi kavu usiku.
2. Mashine hula lita 4 kwa saa, na mashua huenda kilomita 12 kwa saa. Safari ni kilomita 72 kwenda, na kurudi vivyo hivyo. Kwa kanuni ya mafungu matatu, zahitajiwa lita ngapi? Uzito wake ni kilo ngapi?
3. Mabaharia wa Lady Alice walifanya jambo gani la busara, na walikosa nini Bumbire?
4. Kwa nini siku ya saba, isiyo na kazi, ni siku ya maana?
5. Chora ramani ya mto Mara tangu daraja la Kirumi mpaka Musoma, na pwani mpaka Shirati.