Kumfundisha Mwalimu wa Wakulima: Masomo ya Ugani kwa Njia ya Intaneti

Afisa ugani, ambaye wananchi wengi wamezoea kumwita Bwana Shamba au Bibi Shamba, ni mwalimu wa watu wazima. Kazi yake ni kuyapeleka matokeo ya utafiti kwa mkulima, na kuyarudisha matatizo ya mkulima kwa watafiti. Lakini mwalimu huyu naye huhitaji kufundishwa. Elimu aliyoipata chuoni, iwe ni Ukiriguru, Ilonga, Uyole au Bukura, haiwezi kumtosha kwa miaka yote ya utumishi wake, kwa sababu mazingira ya kilimo hubadilika.

Mfano mzuri ni ule wa kiwavijeshi vamizi, ambaye wataalamu humwita Spodoptera frugiperda. Asili ya mdudu huyu ni Amerika. Mwaka 2016 alionekana kwa mara ya kwanza Afrika ya Magharibi, na kufikia mwaka 2017 alikwisha ingia katika mashamba ya mahindi ya Tanzania na Kenya. Nondo wake anaweza kuruka umbali wa kilomita 100 kwa usiku mmoja. Maafisa ugani waliohitimu kabla ya hapo hawakuwa wamefundishwa habari zake. Kuwaita wote vyuoni kungehitaji nauli, posho, malazi na siku nyingi nje ya vituo vyao, hali mdudu hasubiri.

Kwa sababu hiyo masomo ya kazini kwa njia ya intaneti yamepata umuhimu mkubwa. Hata hivyo, kuna swali ambalo halina budi kujibiwa: je, somo linalopita katika simu ya mkononi linaweza kumwezesha mtu kumtambua mdudu shambani na kumshauri mkulima kwa usahihi? Makala haya yaeleza ni kwa masharti gani jambo hilo huwezekana.

Masomo ya mbali si jambo jipya

Mwaka 1840 Isaac Pitman wa Uingereza alianza kufundisha hati mkato kwa njia ya posta. Wanafunzi waliandika mazoezi yao, wakayatuma kwake, naye akayasahihisha na kuyarudisha. Jambo la kuzingatia hapa ni masahihisho. Karatasi iliyokwenda kwa mwanafunzi bila kurudi ingekuwa ni tangazo tu. Masomo yalikuwa ni ile safari ya kwenda na kurudi.

Katika Tanzania, kampeni ya Mtu ni Afya ya mwaka 1973 iliwafikia watu wapatao milioni 2 kwa njia ya redio. Lakini redio haikuachwa ifanye kazi peke yake. Watu walikusanyika katika vikundi, wakasikiliza kipindi pamoja, wakasoma kijitabu, wakajadiliana wakiongozwa na kiongozi wa kikundi aliyekuwa amepata mafunzo, kisha wakaamua la kutenda, kama vile kuchimba vyoo. Baadaye Chuo Kikuu Huria cha Tanzania, kilichoanzishwa kwa sheria ya mwaka 1992, kilipanua elimu ya mbali hadi kiwango cha shahada.

Mifano hii yaonyesha kwamba chombo cha kupeleka somo kimebadilika kutoka posta hadi redio, na kutoka redio hadi intaneti. Haja ya mwanafunzi kujibu, na ya kujibiwa, haikubadilika.

Uzito wa somo katika mtandao

Kila kitu kinachopita katika intaneti, kiwe ni maandishi, sauti au picha, hugeuzwa kuwa tarakimu za 0 na 1. Kila tarakimu huitwa biti, na biti 8 hufanya baiti 1. Kwa kawaida herufi moja ya Kiswahili huhitaji baiti 1. Hivyo ukurasa wenye herufi 2,000 huhitaji kiasi cha baiti 2,000, yaani kilobaiti 2.

Sasa tuchukue maelezo ya sauti ya dakika 10, yaani sekunde 600, yaliyorekodiwa kwa kiwango cha kilobiti 32 kwa sekunde. Hesabu yake ni hii: 32 × 600 = kilobiti 19,200. Tukigawanya kwa 8 tunapata kilobaiti 2,400, au megabaiti 2.4. Video ya muda huo huo, kwa kiwango cha kilobiti 500 kwa sekunde, huhitaji 500 × 600 ÷ 8 = kilobaiti 37,500, yaani megabaiti 37.5. Kwa maneno mengine, video hiyo moja ina uzito wa kurasa 18,750 za maandishi.

Hesabu hii si mchezo wa darasani tu. Afisa ugani wa kijijini mara nyingi hununua kifurushi cha intaneti kwa fedha zake mwenyewe, na huenda akalazimika kupanda kilimani kupata mawimbi ya simu. Mtayarishaji wa kozi anayejaza video ndefu humfungia mlango mtu yule yule aliyekusudiwa. Aliye makini hutumia maandishi mafupi, picha chache zilizo wazi, na sauti. Video huiweka mahali ambapo mwendo wenyewe ndio unaofundishwa, kwa mfano namna ya kurekebisha bomba la kunyunyizia dawa. Tena somo hutayarishwa ili liweze kupakuliwa mjini na kusomwa baadaye pasipo mtandao. Programu za kuendeshea masomo, kama Moodle iliyotolewa kwa mara ya kwanza mwaka 2002, huwezesha jambo hilo.

Kumbukumbu na usahaulifu

Tuseme sasa kwamba somo limemfikia afisa ugani salama. Je, litakaa kichwani mwake? Mwaka 1885 mtaalamu wa Kijerumani, Hermann Ebbinghaus, alitangaza matokeo ya majaribio aliyoyafanya juu ya kumbukumbu yake mwenyewe. Alijifunza orodha za silabi zisizo na maana hadi akazikariri. Kisha, baada ya muda fulani, alijifunza upya orodha hizo na kupima ni kiasi gani cha kazi alichookoa. Baada ya dakika 20 aliokoa asilimia 58. Baada ya saa 1, asilimia 44. Baada ya siku 1, asilimia 34. Baada ya siku 31 alibaki na asilimia 21 tu. Yaonekana basi kwamba usahaulifu huwa wa kasi mno mwanzoni, kisha hupungua mwendo.

Ni kweli kwamba habari zenye maana hudumu kuliko silabi tupu. Lakini mkondo wa usahaulifu hufanana na huo, na dawa yake ni marudio yaliyotenganishwa kwa muda.

Marudio ya namna gani? Mwaka 2006 Henry Roediger na Jeffrey Karpicke wa Marekani walitangaza jaribio lenye fundisho kubwa. Wanafunzi walisoma vifungu vya habari. Vingine walivisoma mara ya pili. Vingine, badala ya kuvisoma tena, waliandika yale waliyoyakumbuka bila ya kutazama kitabu. Walipopimwa baada ya dakika 5, waliosoma mara mbili walikumbuka asilimia 81, na waliojipima asilimia 75. Lakini baada ya wiki 1 mambo yaligeuka: waliosoma mara mbili walikumbuka asilimia 42, na waliojipima asilimia 56.

Matokeo haya yana onyo. Mtu anayesoma na kusoma tena hujiona anajua, kwa kuwa maneno yamekwisha kuwa mepesi machoni pake. Wepesi huo si ujuzi. Kujilazimisha kukumbuka ni kazi ngumu zaidi, na ugumu huo ndio unaoimarisha kumbukumbu. Kwa hiyo kozi ya intaneti iliyojaa kurasa za kusoma, na yenye mtihani mmoja mwishoni, imejengwa kinyume cha maumbile ya akili ya binadamu.

Mfano wa somo lililojengwa vyema

Tuangalie jinsi kanuni hizi zinavyoweza kutumika katika somo juu ya kiwavijeshi vamizi.

(1) Swali hutangulia. Kabla ya maelezo yoyote, afisa ugani huonyeshwa picha za viwavi watatu: kiwavijeshi wa Afrika, kiwavijeshi vamizi, na funza wa mabua. Hutakiwa kuwatambua. Hata akikosea, amekwisha jua ni jambo gani hasa la kutazama.

(2) Maelezo mafupi hufuata. Kiwavijeshi vamizi aliyekua ana alama iliyo mfano wa herufi Y iliyopinduliwa usoni pake, na madoa manne meusi yaliyojipanga kama mraba karibu na mwisho wa mwili. Akiwa mchanga hukwangua jani na kuacha utando mweupe unaopenya mwanga. Akikua huingia katika moyo wa mmea, mahali majani machanga yalipojikunja, na kujificha nyuma ya kinyesi chake kinachofanana na unga wa mbao. Hapo dawa ya kunyunyizia haimpati kwa urahisi. Ndiyo maana kumgundua mapema ni jambo la lazima.

(3) Afisa huenda shambani. Hutembea kwa njia ya herufi W, husimama mahali 5, na kila mahali huchunguza mimea 10. Akikuta dalili katika mimea 13 kati ya 50, kiwango cha mashambulizi ni 13 ÷ 50 × 100 = asilimia 26. Hesabu hiyo, pamoja na picha za mdudu, huituma kwa mkufunzi.

(4) Mkufunzi hujibu. Huthibitisha mdudu ni yupi, na huuliza umri wa mahindi. Humkumbusha afisa kwamba asilimia 26 ya mimea iliyoshambuliwa si sawa na asilimia 26 ya mavuno yaliyopotea, kwa kuwa mmea wa mahindi una uwezo wa kutoa majani mapya. Mahali pengine ushauri bora waweza kuwa ni kuponda mayai na viwavi kwa mkono, na kuwaacha hai wadudu wanaokula viwavi, badala ya kutumia fedha katika dawa.

(5) Maswali hurudi. Baada ya siku 3, baada ya wiki 1, na baada ya mwezi 1, simu humletea afisa maswali machache juu ya jambo lile lile, kila mara kwa picha nyingine.

Mambo yasiyowezekana kwa simu peke yake

Haifai kudhani kwamba intaneti imeondoa haja ya chuo au ya kukutana. Mkono hujifunza kwa kushika. Kupima udongo kwa vidole, kumchanja kuku, au kuzungumza na mkulima aliyekata tamaa ni mambo yanayohitaji kutendwa mbele ya mtu anayejua. Aidha, katika kozi nyingi za wazi, wengi wa wanaojiandikisha hawafiki mwisho. Upweke ni mojawapo ya sababu. Kikundi cha maafisa wa tarafa moja wanaosoma somo moja na kukutana mara moja kwa mwezi kinaweza kufanya kazi ile iliyofanywa na vikundi vya redio mwaka 1973.

Jambo jingine ni kipimo cha mafanikio. Ni rahisi kuhesabu waliofungua ukurasa, na ni rahisi kuhesabu vyeti vilivyotolewa. Lakini cheti hakiui kiwavi. Kipimo cha haki ni kumfuata afisa shambani miezi kadhaa baada ya kozi na kutazama: je, anamtambua mdudu? Je, ushauri wake ni sahihi? Ushauri mbaya humgharimu mkulima fedha za dawa isiyohitajika, au humgharimu chakula cha mwaka mzima. Anayelipa gharama hiyo si mtayarishaji wa kozi.

Jaribio la darasani

Walimu wanaweza kuthibitisha kanuni ya kumbukumbu pamoja na wanafunzi wao. Gawanya darasa katika makundi mawili yaliyo sawa kwa bahati nasibu. Wote wasome kifungu kimoja cha habari kwa dakika 7. Kisha kundi la kwanza lisome tena kwa dakika 7, na kundi la pili liandike yote linayoyakumbuka pasipo kutazama kifungu. Baada ya wiki 1 wape wote maswali yale yale 10, bila ya kuwatahadharisha. Linganisha wastani wa makundi hayo mawili na mjadili matokeo.

Hitimisho

Intaneti hupunguza umbali kati ya mtafiti, afisa ugani na mkulima, lakini kupunguza umbali si kufundisha. Kozi hufundisha pale inapomlazimisha mwanafunzi kukumbuka, inapompeleka shambani, na inapomrudishia jibu. Kozi inayotimiza mambo hayo yaweza kuwa na manufaa hata ikiwa ni ya maandishi matupu katika simu ndogo. Isiyoyatimiza itabaki kuwa kijitabu cha gharama kubwa.

Maswali

1. Somo la sauti la dakika 15 limerekodiwa kwa kiwango cha kilobiti 24 kwa sekunde. Lina uzito wa megabaiti ngapi?
2. Kwa kutumia takwimu za Ebbinghaus, chora mchoro unaoonyesha uhusiano wa muda na kumbukumbu. Kwa nini mstari wake si mnyofu?
3. Afisa ugani amekuta dalili katika mimea 9 kati ya 50. Tafuta asilimia ya mashambulizi, kisha eleza kwa nini asilimia hiyo peke yake haitoshi kuamua kama dawa itumike.
4. Linganisha kampeni ya redio ya mwaka 1973 na kozi ya intaneti ya leo. Ni mambo gani ambayo ya pili inapaswa kujifunza kutokana na ya kwanza?