Kimulimuli na Jaribio la Kulinganisha

Ndugu mwalimu mwanafunzi, wakati wa mazoezi ya kufundisha huko Dirma tulishuhudia somo la Sayansi lililokwenda vizuri mpaka karibu na mwisho. Mwenzenu alitia kipande cha ini bichi katika bilauri yenye haidrojeni peroksaidi, ile dawa ya kusafishia vidonda. Povu likafura, darasa likashangilia, naye akatamka kuwa ini lina kimeng'enya. Mtoto mmoja akauliza, "Mwalimu, na jiwe je, halitoi povu?" Akaambiwa akae kitako. Kwa maoni yetu, mtoto yule ndiye aliyekuwa akifanya sayansi siku ile.

Kabla ya kulirudia ini, tutazame kazi moja ya maabara ambamo swali la namna hiyo huamua matibabu ya mgonjwa. Kazi hiyo ilianza kwa wadudu kama kimulimuli, ambaye watoto wanamjua. Mwilini mwake mna lusiferini, ambayo hutoa mwanga usio na joto inapoungana na oksijeni, na lusiferasi, kimeng'enya kinachoendesha badiliko hilo. Katika miaka ya 1880 Mfaransa Raphaël Dubois aliwachunguza viumbe wang'aao kwa kutumia maji tu. Viungo vilivyopondwa katika maji baridi viling'aa kitambo vikazimika, maana lusiferini ilikwisha. Vilivyotiwa katika maji ya moto havikung'aa, maana joto liliharibu lusiferasi. Alipochanganya maji yote mawili, mwanga ulirudi. Mwaka 1947 William McElroy, wa Chuo Kikuu cha Johns Hopkins huko Baltimore, alionyesha kwamba mwanga wa kimulimuli huhitaji pia ATP, kemikali ibebayo nguvu katika kila chembe hai. (Wadudu wake alikusanyiwa na watoto wa mji ule, kwa senti 25 kila mia moja.)

Mwaka 1985 watafiti wa California walifaulu kuinakili jeni ya lusiferasi, ikawezekana kuipandikiza katika viumbe vingine. Mwaka 1993 watafiti wa New York waliiingiza katika bakteria wa kifua kikuu, wakitumia virusi vinavyoshambulia bakteria hao. Walipopewa lusiferini, bakteria hai waling'aa. Waliouawa na dawa walibaki gizani. Walio sugu kwa dawa hiyo waliendelea kung'aa. Kuwaotesha kwa njia ya kawaida huchukua wiki kadhaa, na mgonjwa mwenye bakteria sugu, akipewa dawa isiyomfaa wakati wa kungoja, aweza kuendelea kuwaambukiza wa nyumbani mwake. Afrika Mashariki tunazijua dawa hizo kwa karibu: majaribio yaliyofanyiwa wagonjwa wa Kenya, Uganda, Tanzania na Zambia, ambayo matokeo yake yalianza kutangazwa mwaka 1972, yalisaidia kuthibitisha kwamba matibabu ya miezi 6 yenye rifampisini yaweza kutosha.

Basi chupa ikiwa giza, je, dawa imeua? Si lazima. Huenda bakteria hawakuwamo tangu mwanzo. Huenda virusi havikuwaingia. Tena huenda dawa haikuwagusa kabisa, bali ilizuia lusiferasi yenyewe, jambo ambalo limewapotosha watafuta dawa mara nyingi. Kwa hiyo huwekwa chupa nyingine isiyo na dawa, ambayo lazima ing'ae; na dawa yenyewe hujaribiwa juu ya lusiferasi tupu. Chupa hizo ndizo jiwe la mtoto wa Dirma.

Somo lile lingetengenezwa kwa bilauri nne tu zenye kiasi sawa cha dawa: moja isiyotiwa kitu, ya pili jiwe, ya tatu ini bichi, ya nne ini lililochemshwa likaachwa lipoe kabisa, ili pasiwe na tofauti nyingine ya joto. Vipande viwe sawa kwa ukubwa. Ini likikosekana, kiazi mviringo kibichi hufaa, ingawa povu lake ni dogo. Mwalimu mwenyewe ndiye amimine, kwa sababu dawa hiyo hudhuru macho. Nao wanafunzi waandike kwanza wanachotazamia.

Ikitokea jiwe likatoa povu, kwa maana yapo mawe yenye manganizi yatoayo povu jingi, msilitupe dirishani. Mwulizeni aliyelileta alikoliokota, kisha mchemshe nalo pia.