Leseni Unayo, Lakini Utafyatulia Wapi?

Mtu akishapata leseni ya bastola, baada ya kuhangaika kutoka ofisi ya serikali ya mtaa hadi kwa Mkuu wa Polisi wa Wilaya na kamati za ulinzi na usalama, mkono huanza kumwasha. Anataka kuijaribu. Na kwa anayeishi Dodoma jibu linaonekana liko mlangoni: pori si hili hapa? Atashika barabara ya Singida apite Nala, au ya Morogoro avuke Ihumwa, atafute kichaka kisicho na mtu, aweke kopo mbele ya mbuyu na kuanza kulenga.

Asithubutu. Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015, iliyochukua nafasi ya ile ya 1991, humruhusu mtu kumiliki silaha aliyosajiliwa nayo, kwa sababu aliyoieleza alipoomba. Waombaji wengi wa bastola hueleza kwamba wanataka kujilinda wao, familia na biashara zao. Hakuna mahali ambapo leseni hiyo inaligeuza pori kuwa uwanja wa shabaha, na kopo halijawahi kumshambulia mtu.

Halafu pori lenyewe lina wenyewe. Chini ya sheria za ardhi za mwaka 1999, kile kichaka unachokiona kitupu kinaweza kuwa ardhi ya kijiji, shamba la mtu, kiwanja kilichokwisha kupimwa au hifadhi ya msitu. Tangu serikali ihamie Dodoma na mji kutangazwa kuwa jiji Aprili 2018, sehemu ambazo wazee wanazikumbuka kuwa za swala na fisi zimejaa nyumba. Mtumba ni Mji wa Serikali. Msalato panajengwa uwanja wa ndege. Nzuguni na Nkuhungu huwezi tena kuziita pembezoni. Treni ya umeme imekuwa ikifika Dodoma tangu 2024, na reli yake inakatiza maeneo ambayo mgeni angeyaona hayana mtu.

Hata pale ambapo hakuna nyumba, watu wapo. Anayeijua Ugogo anajua kwamba nyuma ya kila kichaka kuna uwezekano wa mtoto anayechunga mbuzi, mama anayetafuta kuni, mchoma mkaa, au mtu anayekagua mizinga yake ya nyuki. Risasi ya bastola ya milimita 9 inaweza kwenda zaidi ya kilomita moja na nusu kabla ya kuanguka. Macho yako hayafiki huko, hasa kwenye vichaka vilivyosongamana kama vya Itigi. Na nchi hii ya kati ina majabali kila upande. Risasi ikigonga jiwe la aina ya lile la Mlima Simba haizami, inaruka kwa pembe ambayo hakuna fundi wa kulenga anayeweza kuikadiria. Kwa hiyo yule anayedhani kilima cha mawe ni ukuta mzuri wa kuzuia risasi amejichagulia mahali pabaya kuliko pote. Viwanja vya shabaha hukingwa kwa tuta nene la udongo au mchanga, kwa sababu udongo huimeza risasi.

Kufyatua hewani nako kuna madhara yake, na hapa ndipo watu wengi wenye leseni halali hujiingiza matatani. Sherehe imechangamka, mwaka mpya umeingia, au vijana wamegombana getini. Bwana mkubwa anatoa bastola na kupiga moja juu “kuwatawanya”. Kanuni ya Adhabu, kifungu cha 89, inamhesabu mkosaji mtu anayefyatua silaha kwa nia ya kuwatia watu hofu. Leseni haimkingi, kwa kuwa kosa si kumiliki, ni kufyatua. Na risasi iliyopanda lazima ishuke. Februari 2018 mwanafunzi wa Chuo cha Taifa cha Usafirishaji aliuawa kwa risasi akiwa abiria ndani ya daladala, Kinondoni, Dar es Salaam, wakati polisi wakitawanya waandamanaji. Hakuwa mwandamanaji. Ikiwa hayo hutokea mikononi mwa watu waliofunzwa, mlevi mwenye bastola harusini atakuwaje? Makamanda wa polisi wa mikoa hawachoki kuonya kuhusu silaha kwenye baa, na binafsi naona wana haki ya kupiga kelele zaidi.

Wanaosafiri wawe macho zaidi. Anayetoka Manyoni kwenda Mbeya kwa njia ya Itigi na Rungwa anapita kwenye ukanda wa mapori ya akiba ya Muhesi, Kizigo na Rungwa. Kondoa na Chemba wana Mkungunero na Swagaswaga. Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya mwaka 2009 inakataza mtu kukutwa na silaha ndani ya pori la akiba bila kibali cha maandishi. Kukutwa tu, hata kabla ya kufyatua. Hifadhi za taifa, kama Ruaha, nazo zina katazo lake. Ukilazimika kupita kwenye pori la akiba na silaha, waone Mamlaka ya Usimamizi wa Wanyamapori Tanzania (TAWA) kabla ya safari, upate kibali na maelekezo. Usisubiri kumweleza askari wa wanyamapori getini kwamba hukujua.

Kuwinda ni habari nyingine kabisa, maana kuna kibali chake, msimu wake na masharti yake: huruhusiwi kupiga mnyama kutoka kwenye gari wala usiku. Leseni ya bastola ya kujilinda haihusiani na hayo yote, na digidigi aliyepigwa njiani kwa bastola ni nyara ya serikali.

Tembo akiingia shambani, kama wanavyofanya mara kwa mara Chemba, Bahi na Manyoni, usimkabili kwa bastola. Risasi ndogo humjeruhi tu, na tembo aliyejeruhiwa atamalizia hasira kwa jirani yako. Toa taarifa kwa mtendaji wa kijiji na kwa askari wa wanyamapori. Sheria inamtambua aliyeua mnyama kwa kuokoa maisha, lakini inamdai aripoti, na nyama na meno si vyake. Aliyeharibiwa mazao huomba kifuta jasho.

Nyumbani kwako, je? Vifungu vya 18 hadi 18C vya Kanuni ya Adhabu vinatoa haki ya kujitetea, kumtetea mwingine na kulinda mali, ila kwa nguvu inayolingana na hatari, na atakayezidisha atawajibika kwa kilichozidi. Mwizi anayekimbia akiwa ameshakupa mgongo na kuruka ukuta ni mtu ambaye mahakama itakuuliza maswali mengi juu yake. Ukiwa umefyatua, hata kama hakuna aliyeumia, nenda polisi mara moja na silaha yako, na maganda ya risasi uyaache yalipoangukia.

Basi mazoezi yafanyike wapi? Viwanja vya shabaha nchini kwa sehemu kubwa ni vya JWTZ na Polisi, na raia haingii ila kwa kibali na chini ya msimamizi. Wenzetu wa Kenya wana uwanja wa Kirigiti, Kiambu, ambako raia wenye silaha hufanya mazoezi na mashindano. Dodoma, jiji lenye watumishi na wafanyabiashara wengi wenye bastola, lingefaidika na kitu cha namna hiyo. Kwa sasa mlango ni ofisi ya Mkuu wa Polisi wa Wilaya. Nenda na leseni yako, andika barua, uliza ni lini na wapi unaweza kulenga chini ya mkufunzi. Hapo hapo uliza kuhusu idadi ya risasi unazoruhusiwa, kwani zile utakazotumia mazoezini zinahesabika. Ukikataliwa, zoezi la nyumbani la kufungua, kusafisha na kufunga bastola isiyo na risasi linatosha kuifanya mikono iizoee, mradi risasi ziwe chumba kingine na watoto wasiwepo.