Mwendokasi wa Ndege Inapokaribia Uwanja: Mambo Ambayo Abiria Anapaswa Kujua

Kijitabu hiki kinaeleza jinsi marubani wanavyotii vikomo vya kasi wanapokaribia viwanja vyenye ndege nyingi. Mfano mkuu ni Marekani, na mwingine ni Heathrow, London.

1. Kwa nini vikomo vikawekwa?

Tarehe 16 Desemba 1960 ndege mbili za abiria, ya United na ya TWA, ziligongana juu ya New York. Watu 134 walikufa, 6 kati yao wakiwa ardhini. Ndege ya United ilikuwa imepita mahali ilipotakiwa kusubiri, tena kwa kasi kubwa. Baada ya msiba huo, Marekani iliwawekea kikomo cha kasi marubani wanaokaribia viwanja.

2. Vikomo ni vipi?

Kasi ya ndege hupimwa kwa noti. Noti moja ni maili moja ya baharini kwa saa, yaani kilomita 1.85. Nchini Marekani:

- Chini ya futi 10,000 (karibu mita 3,000) kutoka usawa wa bahari, mwisho ni noti 250, sawa na kilomita 463 kwa saa.
- Katika anga la chini lililo jirani na viwanja vingi vyenye mnara wa kuongozea ndege, mwisho ni noti 200.
- Chini ya anga lililotengewa viwanja vikubwa kabisa, kama Atlanta na O'Hare wa Chicago, mwisho pia ni noti 200, maana ndege ndogo nyingi hupita humo.

Kasi inayohesabiwa ni ile inayosomwa kwenye kipimo cha rubani, ambacho hufuata msukumo wa hewa inayoikabili ndege. Huko juu hewa ni nyepesi, na upepo wa nyuma nao husaidia. Kwa hiyo skrini ya abiria inaweza kuonyesha zaidi ya kilomita 500 kwa saa bila rubani kuvunja sheria.

3. Rubani hutiije?

Hujipanga mapema. Ndege kubwa ikiinamisha pua ili ishuke, kasi hupanda; kuishusha na kuipunguza mwendo kwa wakati mmoja ni kazi ngumu. Marubani hukadiria maili 3 za baharini kwa kila futi 1,000 za kushuka. Zaidi ya hapo, kila noti 10 za kupunguza huhitaji takriban maili 1 ya kuruka bila kushuka. Ndege iliyo futi 35,000 basi huanza kushuka ikiwa bado na zaidi ya maili 100, karibu kilomita 200.

Kompyuta ya ndege hupiga hesabu hizo, na marubani huzihakiki. Mmoja anaendesha, mwenzake anafuatilia vipimo na kumtahadharisha kasi inapokaribia kuzidi. Ikibidi, huinua vibao vilivyo juu ya mabawa ili hewa iizuie ndege.

4. Agizo la mwongoza ndege

Mwongoza ndege anaweza kuagiza kasi ndogo kuliko kikomo cha sheria, ili ndege zisibanane kwenye foleni. Marekani humtarajia rubani asitofautiane na agizo kwa zaidi ya noti 10. Heathrow, utaratibu wa kawaida ni noti 220 baada ya kutoka kwenye mzunguko wa kusubiri, kisha 180, kisha 160 hadi zibaki maili 4. Baada ya hapo rubani hupunguza hadi kasi ya kutua.

Agizo likihatarisha usalama, rubani analazimika kusema kuwa haliwezekani. Sheria ya Marekani pia inaruhusu kuvuka kikomo pale ambapo kasi ndogo kabisa iliyo salama kwa ndege hiyo ni kubwa kuliko kikomo chenyewe.

5. Wewe abiria

- Ndege ikinyooka kwa muda katikati ya kushuka, huenda inapunguza kasi.
- Mtetemo wakati vibao vya mabawa vimeinuka ni wa kawaida.
- Sauti ya injini ikipanda na kushuka karibu na uwanja, mara nyingi rubani anashikilia kasi aliyopangiwa.
- Funga mkanda mara unapoambiwa, na usisimame hadi ndege isimame na taa ya mkanda izimwe.