Kuitazama michoro ya Nazca kutoka angani: maswali na majibu

Michoro ya Nazca ni nini?

Ni mistari, maumbo ya kijiometri na picha za wanyama na mimea zilizochorwa ardhini katika jangwa la kusini mwa Peru, yapata kilomita 400 kutoka Lima. Sehemu kubwa ni kazi ya watu wa utamaduni wa Nazca, waliostawi katika karne za kwanza baada ya Kristo. Baadhi ya picha za vilimani, upande wa Palpa, ni za kale zaidi. UNESCO iliiingiza michoro hiyo katika Urithi wa Dunia mwaka 1994.

Ilichorwaje, na mbona haijafutika?

Jangwa hilo limetandazwa kokoto zilizogeuka hudhurungi kwa kutu ya chuma na manganizi. Wachoraji waliziondoa na kuzilundika kandokando, udongo mweupe-mweupe wa chini ukajitokeza. Kina cha mistari mara nyingi ni sentimita 10 hadi 30 tu. Kwa vigingi, kamba na watu wa kutosha, kazi hiyo inawezekana kabisa, wala haihitaji wageni kutoka sayari nyingine kama vitabu fulani vilivyouzwa sana vinavyodai. Mvua karibu hainyeshi, ndiyo maana michoro imedumu. Inayoiharibu zaidi ni miguu na magurudumu: barabara kuu ya Pan-American iliukata mchoro wa mjusi vipande viwili, na Januari 2018 lori lililotoka barabarani lilikwangua baadhi ya mistari.

Safari ya ndege huanzia wapi?

Nyingi huanzia mjini Nazca, kwenye uwanja wenye jina la Maria Reiche (1903–1998), mwanahisabati Mjerumani aliyetumia sehemu kubwa ya maisha yake kuipima na kuilinda michoro. Kutoka hapo safari huchukua kama nusu saa. Zipo pia safari za kutoka Pisco, zinazomfaa anayetokea Lima, ila muda mwingi wa angani huishia njiani na bei hupanda ipasavyo.

Kwa nini abiria hupimwa uzito?

Kwa sababu ndege ni ndogo, aghalabu aina ya Cessna, na rubani hupanga viti ili uzito usiegemee upande mmoja. Pasipoti nayo huhitajika, na ushuru wa uwanja mara nyingi hulipwa kando na nauli.

Angani huonekana nini?

Rubani hutaja mchoro, hulaza ndege upande wa kulia, kisha huzunguka na kuilaza upande wa kushoto, ili kila dirisha lipate zamu yake. Mchoro hutafutwa chini ya ncha ya bawa. Huonekana nyangumi, tumbili mwenye mkia uliojiviringisha, buibui wa mita 46 hivi, kondori wa zaidi ya mita 130, na ndege mvumaji, mdogo mwenye mdomo mrefu kama wa ndege aitwaye chozi, ambaye hapo ana urefu wa zaidi ya mita 90. Hata hivyo, kutoka juu picha huonekana ndogo kuliko wengi walivyotarajia. Kinachoshangaza hasa ni mistari iliyonyooka kilomita kadhaa na kupita juu ya vilima bila kupinda. Anayeshughulika na kamera muda wote huikosa.

Kichefuchefu huzuiwaje?

Mizunguko hiyo huwashinda hata waliozoea ndege. Inafaa kula kidogo saa kadhaa kabla, na kumeza dawa ya kichefuchefu mapema kwa ushauri wa mfamasia. Asubuhi ni bora, kwani jua likipanda hewa moto huitikisa ndege. Ukungu unaweza kuchelewesha safari, hivyo si busara kukata tiketi ya basi la mchana huohuo.

Je, ni salama?

Ajali zimetokea. Februari 2010 na tena Februari 2022 ndege za watalii zilianguka, na kila mara watu wote 7 waliokuwemo walifariki. Kabla ya kulipa, ni haki ya abiria kuuliza kuhusu leseni ya kampuni na kama kutakuwa na marubani wawili. Bei ya kutupa inayotangazwa mtaani si sababu ya kupanda.

Michoro ilikusudiwa kutazamwa kutoka juu?

Haielekei. Picha nyingi za Palpa ziko kwenye miteremko na huonekana na aliye bondeni. Wanyama wengi wa tambarare wamechorwa kwa mstari mmoja usiojikata, kama njia ya kupita kwa miguu, na vigae vya vyungu vilivyokutwa kandokando ya mistari vinaashiria ibada, ambazo watafiti wengi huzihusisha na maombi ya maji. Dhana kwamba mistari ilikuwa kalenda ya nyota ilipimwa na mwanafalaki Gerald Hawkins miaka ya 1960, naye hakuiona ikithibitika.

Asiyetaka kupanda ndege afanye nini?

Kando ya barabara kuu kuna mnara ambao kutoka juu yake huonekana mikono, mti na mabaki ya mjusi.

Je, michoro yote imeshapatikana?

Hapana. Mwaka 2024 watafiti wa Chuo Kikuu cha Yamagata, Japani, walitangaza picha mpya 303 zilizobainika kwa msaada wa akili unde iliyochambua picha za angani. Nyingi ni ndogo na hafifu, zimechorwa karibu na njia za miguu, na mtalii aliye kwenye ndege hawezi kuzitambua kwa macho.